Namna ya Kuadhimisha Urithi wa Mtaa wa Reli: Mwongozo kutoka Kota za Tabora

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wakazi wa mitaa iliyozaliwa na reli, sisi wa Tabora na ndugu zetu wa Kigoma, wanaotaka kuadhimisha urithi wa mtaa wao na wanatafuta pa kuanzia. Mimi ni mtoto wa kota, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni za mizigo, na kwa miaka minne sasa nimo katika kikundi cha wakazi kinachoandaa siku ya mtaa wetu. Ninayoyaeleza hapa yametokana na kazi hiyo, pamoja na makosa tuliyoyafanya tukiwa bado hatujui.

Jambo moja naliweka mbele ya mengine yote. Mtaa wa reli uliishi kwa ratiba. Mama alijua wakati wa kuinjika sufuria kwa honi, mtoto alijua wakati wa kulala kwa treni ya usiku, na mume alihesabu siku zake za nyumbani kwa zamu iliyobandikwa ubaoni. Maadhimisho yakionyesha majengo pekee, bila kuonyesha jinsi treni ilivyopanga maisha ya ndani ya nyumba hizo, wageni watatazama kuta, watapiga picha na kuondoka. Kwa hiyo kila hatua inayofuata hapa chini inarudi kwenye swali hilo: treni ilimfanya mtu wa mtaa huu aishi vipi?

Miaka iwe sahihi

Kabla ya kuchapa bango lolote, kamati ikubaliane kuhusu tarehe za msingi, kwa sababu kosa la mwaka likishaandikwa ukutani watoto hulibeba hadi darasani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Upana wa njia hiyo ni mita moja, na urefu wake kutoka pwani hadi ziwani ni kilomita zipatazo 1,250. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na hilo ndilo lililoigeuza Tabora kuwa njia panda. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaongezwa tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Njia panda inahitaji watu wengi kuliko stesheni ya kawaida: wa kupanga mabehewa, wa kubadilisha vichwa vya treni, wa kupokezana zamu, wa kutengeneza kilichoharibika. Watu hao ndio waliohitaji pa kulala, na ndiyo sababu ya kota zetu.

Ningewasihi wenzangu wasiianze hadithi mwaka 1905 kana kwamba nchi hii ilikuwa tupu. Reli kwa sehemu kubwa ilifuata uelekeo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi Ujiji, njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kwa miguu yao vizazi kadhaa kabla ya chuma kulazwa. Miembe mikubwa inayopatikana pande hizi inahesabiwa kuwa kumbukumbu ya misafara hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani hadi kufa mwaka 1893, miaka kumi na tisa kabla ya treni kufika. Mambo haya yakitajwa mwanzoni mwa bango, msomaji anaelewa kwamba reli iliwakuta wenyeji, na kwamba ilijengwa kwa jasho la watu waliotawaliwa.

Kwa watoto, nimeona hakuna kinachowavuta kama habari ya meli iliyopita Tabora juu ya reli. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha vipande hivyo vikapandishwa treni hadi Kigoma na kuungwa upya. Iliingia majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwambie mtoto wa darasa la nne kwamba chuma cha meli ile kilipita mbele ya stesheni anayoiona kila siku, halafu umwache aulize maswali mwenyewe. Vilevile wenzetu wa Kigoma wasiache kueleza kwa nini mji wao ulikua hapo ulipo: ghuba ya Kigoma ilikuwa na maji ya kina yanayofaa bandari, na reli ikaishia hapo badala ya Ujiji, mji uliokuwa mkubwa na mashuhuri zaidi.

Wazee kwanza

Sehemu hii ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo inayoharakishwa na wengi. Anzeni miezi sita kabla ya siku yenyewe. Andikeni majina ya wastaafu wote wa reli waliobaki mtaani, pamoja na wajane wao, kisha nendeni nyumba kwa nyumba watu wawili wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Msiende mikono mitupu, na msiende na karatasi ya kutia sahihi kabla ya salamu. Ukimwamkia mzee "Mwangaluka" naye akakujibu kwa Kinyamwezi, mazungumzo yameshapata kiti.

Msiulize, "Babu, tueleze historia ya reli." Swali hilo humfanya mzee atafute maneno ya vitabuni, akueleze yale anayodhani unataka kuyasikia. Ulizeni habari za siku moja. Ulikuwa ukitoka nyumbani saa ngapi? Nani alikuamsha? Ulibeba nini? Ulilala wapi ukifika mwisho wa zamu? Nilijifunza hivyo kwa mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyekuwa akinijibu kwa neno moja moja hadi nilipomuuliza habari ya kuamka.

"Dirishani," akaniambia. "Alikuja kijana kutoka stesheni na taa, saa nane za usiku. Hakuita jina. Aligonga mara tatu, akanyamaza, akasubiri nami nigonge mara moja kutoka ndani. Nikikosa kugonga, haondoki. Mama yenu hapa aliamka kabla yangu, akatia moto."

Bibi aliyekuwa ameketi mlangoni akasema bila kuinua macho kwamba hakuwa akiamka kwa ajili ya moto. Aliamka ili atazame viatu anavyovaa mumewe, maana viatu vya safari ya Kigoma vilikuwa vingine, na ndivyo alivyojua kama atalala peke yake usiku mmoja au usiku tatu. Hilo lilikuwa dakika ya arobaini ya mazungumzo. Tungeondoka baada ya nusu saa, tusingelipata. Tangu siku hiyo tunawahoji wanawake peke yao, siku nyingine, na mara nyingi tunapata mengi kuliko kwa waume zao: habari za mikopo ya dukani iliyosubiri mshahara, za watoto waliozaliwa baba akiwa Uvinza, za sanduku la safari lililopakiwa unga, chumvi, sufuria ndogo na blanketi.

Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na muulize tena kabla ya kuonyesha jina au picha ya mtu hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaligusa jambo hili, lakini hata bila sheria, huo ndio uungwana. Mzee akikataa jina lake lisitajwe, andikeni "dereva mstaafu", na inatosha.

Msiondoke na picha ya mtu. Mwaka wetu wa kwanza tuliazima picha ya harusi iliyopigwa mbele ya stesheni, ya pekee katika familia hiyo, tukaitundika kwenye hema, na upepo wa alasiri ukaichukua. Hatukuipata. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, na mama yule alinisamehe, lakini kila ninapopita pale naukumbuka ukuta ulioachwa na alama nyeupe ya mraba. Kwa hiyo picha zote sasa tunazipiga kwa simu papo hapo nyumbani kwa mwenyewe: picha inalazwa kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha, mahali penye mwanga usio wa jua kali, bila kuwasha taa ya simu, na simu ikiwa sambamba na picha. Nyuma ya nakala iliyochapwa tunaandika kwa penseli nani anaonekana, wapi, mwaka gani kwa kukadiria, na nani aliyetueleza.

Kusoma vitu

Katika nyumba za wastaafu kuna vitu vya reli ambavyo wenyewe hawavihesabu kuwa vya thamani: filimbi, bendera za kijani na nyekundu, vifungo vya koti, sahani, tikiti ndogo za kadi ngumu zilizogongwa tarehe. Baba aliacha taa ya gadi. Ni ya bati zito, ina mpini juu na kioo kimoja cha duara mbele. Ndani yake mna silinda yenye vioo vya rangi, na ukiizungusha shingo ya juu, mwanga mweupe hugeuka mwekundu, kisha kijani, kwa mlio mdogo kama wa kufuli. Kijani kimekwaruzika pembeni, mahali alipokuwa akifuta masizi kwa kidole gumba. Kila mwaka tunaiweka mezani na kuwaruhusu watoto waizungushe, maana kitu kama hicho hakifahamiki kwa kutazamwa.

Ili kukadiria umri wa kitu, tafuteni herufi zilizogongwa juu yake, kwa sababu shirika lilibadilika jina kila utawala ulipobadilika. TR ni reli ya Tanganyika, kabla ya mwaka 1948. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1948. Bandari zilipotenganishwa na reli mwaka 1969, zikabaki herufi za reli peke yake, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaunda TRC yake, yaani Shirika la Reli Tanzania. TRL, Kampuni ya Reli Tanzania, ni ya kuanzia mwaka 2007, na jina la TRC likarudi mwaka 2017; basi ukikuta TRC, uliza zaidi kabla ya kuandika mwaka.

Reli zenyewe nazo husomeka. Ubavuni mwa pau nyingi za zamani kuna maandishi yaliyoinuka yanayotaja kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Karibu na majengo ya reli mara nyingi utaona vipande vya zamani vilivyogeuzwa nguzo za uzio, au kipande kilichoning'inizwa na kupigwa kama kengele. Bandikeni karatasi nyembamba juu ya maandishi, paka kwa mkaa laini, nayo yatajitokeza. Mataruma ya chuma, yaani yale yanayolazwa kukingama chini ya reli, pia yana habari yake: Wajerumani waliyachagua kwa sababu mbao zingeliwa na mchwa. Kazi hii ifanywe kwenye vipande vilivyoondolewa njiani, kamwe isifanywe kwenye njia inayotumika. Na mtu akileta msumari au kipande cha reli bila kueleza alikokipata, kirudisheni. Wizi wa vyuma vya reli umewahi kuhatarisha maisha ya watu, na maadhimisho yetu hayapaswi kuupa soko.

Matembezi ya mtaa

Matembezi ndiyo moyo wa siku. Yapangeni yafuate njia ya mfanyakazi kutoka kitandani hadi kazini: nyumba moja ya kota, kisima au bomba la pamoja, duka la mikopo, kisha mlango wa karakana au stesheni. Yawe ya saa moja na nusu, si zaidi, na yaanze saa moja na nusu asubuhi kabla jua halijakaza. Katika kila kituo azungumze mtu aliyeishi hapo, kwa dakika tano. Kijana asome pale tu ambapo mzee hawezi kutembea.

Wafundisheni wageni kuzisoma nyumba. Enzi za ukoloni makazi yaligawanywa kwa rangi na kwa cheo, na mgawanyo huo bado unaonekana: nyumba zenye baraza pana na viwanja vikubwa walipewa Wazungu, Wahindi wa daraja la kati wakawa na zao, na Waafrika wakapangwa katika safu za vyumba vilivyobanana, jiko na choo vikiwa vya pamoja nje. Hesabuni hatua kutoka mlango hadi mlango katika kila aina ya kota, muwaache wageni wahesabu wenyewe. Wapo wanaosema siku ya furaha isiletewe habari hizi. Mimi nasema waliobanwa katika vyumba vile ni wazazi wetu, na kuwaadhimisha bila kutaja walivyoishi ni kuwavunjia heshima. Hapohapo elezeni pia kilichoota katika kubanana huko: Mnyamwezi, Muha, Mmanyema, Mgogo na Msukuma wakipika jikoni pamoja, wakitaniana, wakioana.

Ruhusa zisisubiri wiki ya mwisho. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wajue mapema. Kuingia stesheni, karakana au eneo la hifadhi ya reli, na kupiga picha humo, kunahitaji kibali cha maandishi kutoka Shirika la Reli. Mkusanyiko wa hadhara unahitaji taarifa polisi angalau saa 48 kabla. Wakazi wa sasa wa kota, ambao wengi hawana uhusiano na reli, waombwe pia. Ni milango yao inayotazamwa.

Kuhusu tarehe, chagueni Jumamosi kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba na hema halizuii upepo wake. Siku ya treni ya abiria ni bora zaidi, hata ikichelewa.

Chakula na muziki

Pikeni kile ambacho treni ilikileta. Kutoka Kigoma zilikuja migebuka, dagaa na mawese. Kutoka Uvinza chumvi. Na treni ikiondoka Tabora, madirishani abiria walinunua asali na karanga. Sahani moja ya ugali wa muhogo, mgebuka uliopikwa kwa mawese na mlenda pembeni inaeleza ramani ya reli kuliko ramani yenyewe. Bei iwe ndogo, na wapishi walipwe kabla ya msemaji yeyote.

Muziki mjini kwetu hautafutwi mbali. Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz zilitoka katika mji huu. Ombeni wazee waliocheza dansi zama hizo wachague nyimbo, na ngoma za asili zitangulie asubuhi, wakati wa matembezi.

Ili urithi ubaki

Watu wengi hudhani jengo la Mjerumani linalindwa na sheria kwa kuwa ni la zamani. Haliko hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo, ambayo ndiyo reli yetu yote, yanahitaji kutangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana. Kwa hiyo kazi ya kamati haiishi jioni ya sherehe. Kusanyeni picha za kila jengo pande zote nne, mchoro wa mtaa, maelezo ya wazee na historia fupi, muyawasilishe kwa maandishi kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na nakala iende Idara ya Mambo ya Kale na kwa Shirika la Reli, ambalo ndilo mwenye mali. Jengo linaloombewa ulinzi liwe na pendekezo la matumizi, kama chumba cha kumbukumbu au darasa. Ofisi hupokea kwa urahisi zaidi ombi linalosema jengo litafanya kazi gani.

Wakati ni huu, kwani reli ya kisasa ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuja kwetu na kuendelea hadi Mwanza na Kigoma. Naifurahia, baba angeifurahia kuliko mimi. Lakini stesheni mpya itakapofunguliwa, shughuli zitahama, na nyumba isiyo na shughuli hung'olewa bati, kisha milango, kisha matofali.

Ndani ya wiki moja baada ya siku yenyewe, rudisheni kila kitu kilichoazimwa, mkononi mwa mwenyewe na kwa daftari la kusaini. Maelezo yote yaandikwe katika daftari gumu na kutolewa nakala tatu: moja ofisi ya mtaa, moja shule ya msingi iliyo karibu, moja maktaba ya mkoa. Faili za simu zipotee au zisipotee, karatasi iwepo. Acheni kurasa kumi tupu mwishoni mwa kila daftari, maana wapo wanaokuja baada ya kusikia. Mwaka jana, wiki mbili baada ya hema kung'olewa, alikuja mama kutoka Isevya na filimbi ya mumewe ndani ya leso, akauliza kama amechelewa. Tulimpa kiti, tukafungua ukurasa wa kwanza mtupu, tukaandika tarehe, kisha tukamuuliza mumewe alikuwa akitoka nyumbani saa ngapi.